Kabla Hujakiingiza Mwilini, Jua Mwisho Wake

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya wanafunzi wa uhandisi na udaktari, wauguzi, mafundi wa vifaa tiba na wananchi waliofika. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, madaktari, wauguzi, mafundi, wanafunzi mlioamka alfajiri kupanda Coaster kutoka Arusha, na wazee wetu mliokaa pale mbele: shikamooni. Vijana, habari za mchana. Najua wapo walioacha biashara ili wafike hapa, kwa hiyo sitawachosha na salamu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubuni malighafi zinazowekwa ndani ya mwili wa mtu: chuma cha kuungia mfupa, uzi wa kushonea, lenzi ya jicho, nyonga ya bandia. Mwanafunzi akiniletea andiko la mradi wa namna hii, ukurasa wa kwanza umejaa sifa za nguvu. Kitu chake kinavumilia mzigo mkubwa, hakishiki kutu, hakina sumu. Nikimuuliza mwisho wake ni upi, ananyamaza. Kitatolewa? Kitayeyuka? Kitazikwa na mwenyewe? Au kitageuka kuwa sehemu ya mwili? Mimi naona hilo ndilo swali la kwanza, na nguvu ifuate baadaye. Nitakaa nalo mpaka nishuke hapa jukwaani.

Tuanze na kijiti. Watu wakisikia habari ya vipandikizi hufikiria nyonga ya chuma ya mtu mwenye pesa aliyepelekwa India. Wakati huohuo humu ukumbini bila shaka wapo akina mama na akina dada wenye kipandikizi cha uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono, waliowekewa na muuguzi kwenye kituo cha afya kisha wakarudi shambani. Implanon ni kijiti kimoja cha plastiki, urefu wa sentimita 4, unene wa milimita 2. Plastiki yenyewe ndiyo mtambo. Dawa imechanganywa ndani yake, na tabaka jembamba la nje ndilo linaloamua dawa itoke kwa kasi gani kwa miaka 3. Hakuna betri wala koki. Aliyechagua plastiki ndiye aliyepanga dozi.

Sasa angalieni walivyoufikiria mwisho. Kizazi cha mwanzo, Norplant, kilikuwa na vijiti sita vya silikoni. Kuviweka hakukuwa na shida kubwa; kuvitoa ndiko kulikokuwa kazi. Kitu chochote kigeni kikiingia mwilini, ndani ya sekunde chache kinafunikwa na protini za damu, halafu zinakuja seli za kinga kukionja. Zikishindwa kukila, zinaungana kuwa seli kubwa na kukikumbatia, na mwishowe mwili unakizungushia ukuta wa nyuzinyuzi. Muuguzi anayetoa kijiti lazima aupasue ukuta huo kwanza. Kuta sita ni nyingi. Ikaja Jadelle yenye vijiti viwili, ikaja Implanon yenye kimoja. Kisha ikaonekana hata kimoja kinaweza kupotea, kikazama ndani ya nyama, na eksirei isikione kwa sababu ni plastiki tupu. Wakaongeza bariamu salfeti, madini yanayoonekana kwenye eksirei, miligramu 15. Bariamu ile haizuii mimba wala haikiongezei kijiti nguvu. Imetiwa kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kukitafuta. Kama mnataka mfano wa ubunifu uliokomaa, msiende mbali.

Hapa mkononi nina bamba la chuma cha pua kisichoshika kutu, lenye matundu manane. Limetolewa kwenye paja la kijana wa bodaboda, naye ameniruhusu niwaonyeshe bila kumtaja. Limekatika vipande viwili. Lipitisheni, lishikeni, limeshapita kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Tazameni limekatika wapi: kwenye tundu, na tena lile ambalo halikuwa na skrubu. Ukilielekeza kwenye dirisha utaona sehemu ya mkato ina sura mbili. Upande mmoja ni laini, una mistari myembamba inayofuatana. Upande wa pili umeparuka. Ule laini ni kazi ya miezi, ule ulioparuka ni kazi ya sekunde moja ya mwisho.

Ndugu zake walisema chuma kilikuwa feki. Si lazima. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua. Haukatiki kwa sababu umetumia nguvu nyingi, unakatika kwa sababu umerudia. Mtu anayetembea kawaida hukanyaga kama mara milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu, na katika kila hatua nyonga inabeba mara mbili na nusu hivi ya uzito wa mwili. Bamba halikuwekwa limbebe kijana. Liliwekwa liutulize mfupa mpaka uunge. Kwa hiyo tangu siku ya upasuaji kunakuwa na mbio kati ya mfupa kuunga na chuma kuchoka. Mfupa ukicheleweshwa na maambukizi, au na sigara, au kwa kuwa kijana amerudi kwenye pikipiki kabla ya wakati maana mwenye pikipiki anataka hesabu yake, chuma kitashindwa. Hata kiwe halisi cha namna gani.

Mhandisi kijana husema: basi lifanye nene. Hapo ndipo nguvu inapokuwa mtego. Mfupa wa nje, ule mgumu, una ukakamavu wa gigapaskali 15 hadi 20 hivi. Aloi ya titaniamu, yaani titaniamu iliyochanganywa na metali nyingine, ina 110. Chuma cha pua kina karibu 200. Ukivifunga pamoja, kilicho kikakamavu zaidi ndicho kinachobeba mzigo, na mfupa ulio chini yake unakaa bila kazi. Julius Wolff, daktari wa Berlin, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobebeshwa. Kinyume chake ni kweli pia: usipobebeshwa, hupungua. Ukiweka bamba nene kupita kiasi, siku ya kulitoa unamkabidhi mtu mfupa uliokonda, wenye matundu manane ya skrubu, na unamwambia akanyage polepole. Umeshinda vita ya chuma, umepoteza paja.

Ndiyo maana kwa mifupa mirefu madaktari wengi wanapendelea msumari unaopita katikati ya mfupa. Na hapo nataka nimtaje Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa Marekani, aliyeanzisha shirika la SIGN mwaka 1999 katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Msumari wao ni wa chuma cha pua kilekile. Walichobuni upya ni namna ya kuutumia pasipo na vitu vingi. Kwa kawaida, kupata tundu la msumari ulioshafichwa ndani ya mfupa kunahitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo chumba cha upasuaji. Hospitali nyingi duniani hazina mashine hiyo, au inayo na imeharibika tangu mwaka juzi. SIGN wakatengeneza mkono wa kulengea unaoungwa na kichwa cha msumari, ukakaa nje ya mguu na kumwonyesha daktari mahali tundu lilipo. Msumari huu unatumika hapa Tanzania. Hutolewa bure, lakini daktari anatuma picha za eksirei za kila mgonjwa kwenye kumbukumbu zao, ili wajue kilichotokea baadaye. Na kwa kuwa mgonjwa wa mbali harudi kliniki, nauli iko wapi, wanapima kupona kwake kwa picha ya kawaida: achuchumae, atabasamu, apigwe. Anayeweza kuchuchumaa hadi chini bila kukunja uso, mfupa wake una habari njema. Nitarudi kwenye kuchuchumaa.

Nyuzi nitazipitia, ingawa wauguzi wanazijua kuliko mimi. Zamani uzi wa kuyeyuka ulikuwa utumbo wa kondoo uliosafishwa na kusokotwa, na mwili uliula kwa vimeng'enya, leo haraka, kesho polepole, kutegemea mtu na kidonda. Kuanzia miaka ya 1970 zikaenea nyuzi za kutengenezwa, minyororo mirefu ya asidi ya glaikoliki na asidi ya laktiki. Maji ya mwilini huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, na mabaki yake mwili unayajua. Laktiki ndiyo ileile inayotengenezwa na misuli yako ukipanda mlima. Angalieni Vicryl, uzi mmojawapo wa aina hiyo. Baada ya wiki 2 ina kama robo tatu ya nguvu yake, wiki 3 nusu, wiki 4 robo. Lakini kutoweka kabisa ni siku 56 hadi 70. Maana yake uzi unaacha kazi muda mrefu kabla haujaondoka. Unaouona kidondani wiki ya tano hauzuii chochote. Kwa tishu inayopona haraka hakuna neno. Kwa kano inayohitaji miezi, umemshona mtu kwa matumaini.

Halafu, kwa kuwa kinachouvunja uzi huu ni maji, unyevu ni adui yake hata kabla haujaingia mwilini. Ile karatasi ya alumini si pambo. Dada zangu wauguzi, pakiti iliyofunguliwa wakati wa masika ikabaki nusu, msiirudishe kabatini. Najua stoo iko tupu. Msiirudishe.

Wapo wanaotaka chuma nacho kiyeyuke, ili mgonjwa asifanyiwe upasuaji wa pili. Magnesiamu inayeyuka mwilini kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Albin Lambotte wa Ubelgiji aliweka bamba la magnesiamu na kulifunga kwa chuma cha kawaida. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni betri, na magnesiamu ikaliwa haraka mno, gesi ya haidrojeni ikajaa chini ya ngozi. Ilichukua karibu miaka mia moja mpaka skrubu za aloi ya magnesiamu zikaruhusiwa kuuzwa Ulaya, mwaka 2013. Hapo mwisho ulijulikana tangu mwanzo: kitayeyuka. Kilichokosekana ni ratiba.

Nataka kukaa zaidi na nyonga, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu.

John Charnley alikuwa daktari wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na wazo zuri: nyonga iliyoliwa na ugonjwa ibadilishwe kwa mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe cha plastiki inayoteleza. Akachagua Teflon. Kwa utelezi, ilikuwa haina mpinzani. Kemikali haziigusi. Ukiiweka nzima mwilini, mwili hauhangaiki nayo. Kwa karatasi, ilifaulu mitihani yote. Wagonjwa walifurahi, walitembea bila maumivu, na kazi ikaenea hadi karibu wagonjwa 300. Baada ya miaka michache wakaanza kurudi. Mpira wa chuma ulikuwa umelila kombe la Teflon, na unga wake ulikuwa umejaa kwenye kiungo. Ule ukuta mwembamba wa nyuzinyuzi niliousema ulikuwa umegeuka uvimbe, na mfupa unaozunguka ulikuwa unaliwa.

Hapa ndipo wanafunzi wangu huteleza. Teflon nzima na Teflon iliyosagika ni kemikali moja, lakini mwilini ni vitu viwili. Kipande kikubwa, seli za kinga hukizungushia ukuta zikaenda zake. Unga mdogo zinaweza kuumeza. Zikishameza zisichoweza kukisaga, hazitulii. Hutoa ishara za kuita nyingine, na ishara hizo huziamsha seli zinazokula mfupa. Kwa hiyo ukisoma kwamba malighafi fulani ni salama, uliza: ikiwa katika umbo gani? Nzima, au baada ya hatua milioni kumi?

Charnley aliwafungua tena wagonjwa wake. Na alikuwa na fundi, Harry Craven, ambaye naomba mafundi mliopo humu mlikumbuke jina lake, maana vitabu humtaja kwa mstari mmoja. Mwaka 1962 mtu wa mauzo alipita na kipande cha poliethilini nzito sana, plastiki iliyokuwa ikitumika kwenye gia za mitambo ya kufuma nguo. Charnley aliibonyeza kwa ukucha, akaona si kitu. Craven hakuitupa. Daktari aliposafiri, fundi akaifunga kwenye mashine yake ya kusugulia na kuiacha izunguke usiku na mchana. Baada ya wiki 3 ilikuwa haijalika kufikia kiasi ambacho Teflon ililika kwa saa 24. Charnley aliporudi na kuona, hakutosheka bado. Alijidunga pajani mwake mwenyewe unga wa Teflon na unga wa ile plastiki mpya, akangoja miezi. Palipokuwa na Teflon pakaota vinundu. Upande wa pili hapakuota. Novemba 1962 akaanza kuiweka kwa wagonjwa, na hadi leo poliethilini ya ukoo ule ndiyo inayotumika zaidi katika nyonga na magoti ya bandia.

(Kujidunga mwenyewe msikuige. Siku hizi kuna kamati za maadili, na zipo kwa sababu.)

Hata hiyo nayo ilikuja kuonekana ina unga wake, mdogo zaidi na wa polepole, unaolegeza nyonga baada ya miaka mingi. Pakafuatia plastiki iliyofungamanishwa kwa mionzi. Wengine wakakimbilia chuma juu ya chuma ili kuikwepa plastiki, na mwaka 2010 nyonga moja maarufu ya namna hiyo ikaondolewa sokoni duniani kote, kwa kuwa kobalti na kromiamu zilikuwa zinamwagika kwenye tishu za watu. Waliobuni waliangalia chuma kilivyo kigumu.

Sasa kuchuchumaa. Mpira wa Charnley ulikuwa mdogo, kipenyo cha milimita 22 na ushee. Aliutaka mdogo kwa makusudi ili msuguano uwe mdogo na kikombe kisilegee. Lakini mpira mdogo huchomoka kwa urahisi mguu ukikunjwa sana. Ukifanya mpira mkubwa, unakaa vizuri, ila unasaga plastiki nyingi zaidi kwa kila hatua, na mmeshaona unga unavyofanya. Kila mbunifu wa nyonga anasimama mahali fulani kati ya hayo mawili, na mahali anaposimama panategemea anafikiri mgonjwa wake anaishije. Lancashire watu hukaa kwenye viti. Panda Kibosho au Uru: choo cha shimo ni cha kuchuchumaa, bibi anapika akiwa kwenye kigoda kifupi, shamba la migomba liko kwenye mteremko, na Mwislamu anasali mara tano kwa siku, na kila mara anasujudu. Mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga huambiwa asikunje sana mguu. Tunamwambia abadilishe choo, jiko, sala na shamba, ili nyonga isibadilike. Kwa mtu mmoja mmoja ndiyo ushauri sahihi leo, mfuateni daktari wenu. Kwa mbunifu mwanafunzi aliyekaa pale nyuma na simu yake, ni swali la kazi: mpira wa ukubwa gani, plastiki ipi, kikombe kiinamishwe vipi, kwa mtu atakayechuchumaa kila siku hadi azikwe nayo?

Lenzi ya jicho nitaisema kwa ufupi kwa kuwa habari yake ni nzuri, na habari nzuri haina mengi. Harold Ridley wa London aliona marubani wa vita waliokuwa na vipande vya plastiki ya kioo cha ndege ndani ya macho, na macho yametulia. Novemba 1949 akaweka lenzi ya plastiki hiyo baada ya kutoa mtoto wa jicho. Madaktari wakubwa walimpinga kwa miaka. Leo ni kazi ya kila siku, na kilichoifikisha kwa maskini ni kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilichoanza mwaka 1992 na kuishusha bei ya lenzi hadi mkulima akaiweza. Jichoni hakuna hatua milioni, hakuna mzigo. Plastiki ileile ya Ridley ndiyo saruji ya kugandishia nyonga, na huko kwenye nyonga ina matatizo yake. Mahali ndipo panapoamua.

Yale yanayogeuka kuwa sehemu ya mwili ndiyo yanayonivutia zaidi, na yanatuleta nyumbani.

Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa anachunguza damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa havikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikana navyo bila ukuta wa nyuzinyuzi kati. Sababu iko juu kabisa ya titaniamu, tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache. Mwaka 1965 mgonjwa wa kwanza akawekewa meno juu ya skrubu za titaniamu. Larry Hench wa Florida yeye alitengeneza kioo mwaka 1969, chenye silika asilimia 45, ambacho uso wake huyeyuka kidogo mwilini na kuota juu yake madini yaleyale ya mfupa, na mfupa wa kweli hujishika hapo.

Madini hayo ya mfupa yanaitwa haidroksiapataiti. Ni kalsiamu, fosfeti na haidroksaidi. Viwandani huyapuliza yakiwa moto juu ya shina la nyonga ya titaniamu ili mfupa ulipokee haraka. Watu wa Arusha mnayajua kwa njia nyingine. Maji mengi yanayotoka kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi miaka mingi ya kuyasafisha kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo. Moto ukipungua, nyama iliyobaki inatia maji harufu na rangi. Moto ukizidi, mfupa unakuwa mweupe na uwezo wake wa kushika floraidi unashuka. Unatakiwa utoke mweusi. Na kinachofanya kazi ndani ya chujio hilo ni haidroksiapataiti: floraidi inakuja, inaingia mahali pa haidroksaidi, inabaki hapo.

Kinachotokea kwenye chujio ndicho kinachotokea kwenye mtoto. Meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai, kule chini ya Mlima Meru, tunayaona mtu akicheka. Mifupa haionekani. Anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi mifupa yake inaweza kuongezeka uzito huku ubora wake ukishuka. Ni mizito, na ni mikavu kwa kuvunjika. Sasa skrubu tunayoifunga kwenye paja la mtu huyo ilijaribiwa kwenye mfupa wa nani? Kasi ya kukaza, kipenyo cha tundu, muda wa kungoja kabla ya kukanyaga, vyote vimetoka kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa mifupa mingine. Hili halihitaji tungoje mtu wa Zürich aje alifanye. Mifupa iko hapa, wagonjwa wako hapa. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, ina watu wanaosoma malighafi na watu wanaosoma maji haya haya. Hospitali ya KCMC iko hapa Moshi tangu 1971, na ndani ya eneo lake kuna TATCOT, inayofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Kutoka chumba cha upasuaji hadi darubini ni safari ya asubuhi moja.

Nina ombi moja kwa wenye vyumba vya upasuaji. Chuma kinachotolewa kwa mgonjwa, hasa kilichovunjika, kisiishie kwenye ndoo. Mgonjwa akiridhia, kioshwe, kipite otoklevu, kiwekwe kwenye mfuko wenye namba, na kando yake paandikwe: kilikaa muda gani, kilivunjikia wapi, mwenyewe alikuwa anafanya kazi gani, maji anayokunywa yanatoka wapi. Kama kuna dalili kifaa kilikuwa kibovu tangu kiwandani, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inapokea taarifa. Tangu 2019 jina lake lenyewe linataja vifaa tiba. Bamba lile mnaloendelea kupitisha mikononi, naona limefika safu ya nne, lilinusurika kwa sababu muuguzi mmoja alilitoa kwenye taka.

Nikaribishe maswali. Mama yangu pale mbele amenyoosha mkono muda mrefu.

[Mama mmoja kutoka upande wa Himo aliuliza: mjukuu wake ana miaka tisa, alivunjika paja, amewekewa waya za ndani. Kuna wanaomwambia ziachwe, wengine wanasema zitolewe. Afanye nini?]

Shikamoo mama, na pole kwa mtoto. Mimi si daktari wake, kwa hiyo uamuzi ni wa aliyemfanyia upasuaji. Ila nitakuambia kwa nini watu wanakupa majibu mawili. Kwa mtu mzima, chuma kisichomsumbua mara nyingi huachwa, kwa kuwa kukitoa ni upasuaji mwingine. Mtoto anakua. Mfupa wake unarefuka na kunenepa, unaweza kuzimeza ncha za waya, na kadiri mnavyochelewa ndivyo inavyokuwa vigumu kuzifikia. Ndiyo maana kwa watoto madaktari wengi hupanga kuzitoa mfupa ukishaunga. Zilipowekwa, bila shaka ncha ziliachwa zikichomoza kidogo nje ya mfupa, chini ya ngozi, na pengine ndizo anazolalamikia zinamchoma gotini akikunja mguu. Ziliachwa hivyo ili daktari apate pa kushika.

Usingoje mpaka alalamike. Ukirudi kliniki, nenda na daftari lake, na uombe waandike mambo manne kwa mwandiko unaosomeka: waya ni za metali gani, ziko ngapi, ziliwekwa tarehe ngapi, na zinatakiwa zitolewe lini. Siku akija kuhitaji kipimo cha MRI, kile kinachotumia sumaku kali, hospitali nyingine, jambo la kwanza watakalomuuliza ni hilo la metali. Halafu lipige picha daftari lenyewe kwa simu, umtumie na mama yake.